Mswaki wa Mbwa na Paka: Namna ya Kuzuia Ugonjwa wa Fizi Nyumbani

Jumamosi moja nililetewa mbwa jike wa miaka saba, mdogo wa umbo, aliyeanza kususa chakula kigumu. Nilipoinua mdomo wake wa juu nikakuta gego la nyuma limevikwa gamba la ukoga, la kahawia, nene kama ganda la korosho. Nililigusa kwa koleo likabanduka lote kwa mara moja. Chini yake mzizi ulikuwa wazi na usaha ukachuruzika. Siku ile tuling'oa meno matatu. Mwenyewe alimpenda sana mbwa wake, ila ile harufu ya mdomo alidhani mbwa wote ndivyo walivyo. Sivyo. Mdomo ukianza kunuka, ugonjwa umeshaanza.

Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, vijidudu huanza kujenga utando laini juu yake. Ukiachwa siku mbili tatu, madini ya mate huugandisha ukawa ukoga, na huo mswaki hauutoi tena. Kisha vijidudu hushuka chini ya ufizi, na mfupa unaoshikilia jino huanza kulika. Ufizi mwekundu unaotoa damu bado unapona. Mfupa ukishalika haurudi.

Hatua ya 1: Chanjo, kisha mkono

Usitie kidole mdomoni mwa mnyama asiyechanjwa kichaa cha mbwa. Na ukiona mbwa au paka anatokwa mate ghafla, taya limelegea, anashindwa kumeza, usimpekue ukidhani amekwamwa na mfupa. Watu wameambukizwa kichaa kwa njia hiyo. Mwite daktari wa mifugo. Ikiwa umeng'atwa, au mate yameingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama chanjo ipo na mnyama ni mzima, inua mdomo uangalie. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, paka 30. Kwa mtoto wa mbwa aliyefikisha miezi saba, angalia chonge: ukikuta mbili zimebanana mahali pamoja, moja ni ya utoto na inapaswa kutolewa, kwa sababu chakula hunasa katikati yao.

Hatua ya 2: Vifaa

Mswaki laini wa mtoto unatosha. Kwa paka, kitambaa laini cha pamba kilichozungushwa kidoleni kinafaa kuanzia. Dawa ya meno ya binadamu usiitumie kabisa: mnyama hatemi, anameza, na nyingine zina zailitoli, kiungo cha kutia utamu kinachoweza kumuua mbwa. Chumvi na magadi pia acha. Kama hupati dawa ya meno ya wanyama, tumia maji matupu, maana kinachoondoa utando ni kule kusugua.

Hatua ya 3: Mzoeshe

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanamkamata mnyama siku ya kwanza, wanamkaba, na kuanzia hapo akiuona mswaki anajificha uvunguni. Nenda polepole. Chagua wakati uleule, mahali palepale, kila siku. Siku nne tano za mwanzo gusa mdomo tu kwa nje, umsifie, umpe kitu anachokipenda. Kisha chovya kidole kwenye maji yaliyochemshiwa samaki, yasiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwao), umwache alambe huku unamgusa fizi. Akizoea, weka kitambaa. Mswaki uje mwisho, hata kama ni baada ya mwezi. Paka mpakate akiangalia mbele, mgongo wake ukiwa kwako, na umwachie anapotaka kuondoka.

Hatua ya 4: Kupiga mswaki

Usimfungue kinywa. Meno yakiwa yamefumba, inua mdomo kwa kidole gumba na upitishe mswaki upande wa nje. Wa ndani ulimi husaidia kuusafisha. Ulaze mswaki nyuzi 45, ncha zake zielekee pale ufizi unapokutana na jino, usugue kwa viduara vidogo. Anza na chonge, kisha magego ya juu, na hapo ukae zaidi: mate humwagikia pale, ndiyo maana ukoga huwahi hapo. Sekunde 30 kila upande zinatosha. Fanya kila siku. Ukisafisha kila Jumapili tu, ukoga umeshaganda katikati.

Damu kidogo siku za mwanzo isikutishe. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, mpeleke akapimwe.

Hatua ya 5: Mifupa

Naambiwa kila mara, "Daktari, wangu anatafuna mifupa, meno yake ni safi." Mifupa migumu ya ng'ombe hupasua gego kubwa la juu, na ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kitu cha kutafuna ukikibonyeza kwa ukucha kisiweke alama, ni kigumu mno.

Hatua ya 6: Daktari

Mpeleke akaguliwe meno mara moja kwa mwaka. Ukoga ulioganda huondolewa kwa nusu kaputi, kwa kuwa hakuna mnyama atakayetulia ukimsafisha chini ya ufizi akiwa macho. Kumkwangua juu juu kunang'arisha jino na kuuacha ugonjwa palepale.

Paka mwangalie kwa jicho la pekee. Baadhi yao jino hulika lenyewe usawa wa ufizi, na maumivu yake ni makali. Akiikimbilia sahani kwa njaa, akang'ata mara moja, kisha akadondosha tonge na kurudi nyuma, weka mswaki chini umpeleke wiki hiyo hiyo.