Kioo cha kuunganisha na simu au GPS ya kujitegemea? Jinsi ya kuchagua na kufunga kwenye pikipiki

Wateja wengi wanaokuja kufungiwa vifaa vya ramani hapa Arusha huwa wameshaamua kabla hawajashuka kwenye pikipiki. Huyu ameona kioo kikubwa kwenye video, yule kaambiwa na mgeni aliyemwongoza safari kwamba bila GPS ya Garmin hufiki popote. Mimi naanza na swali moja: mahali unapokwenda nani anakutumia, na anakutumia kwa njia gani? Jibu lake huamua sehemu kubwa ya kazi. Yaliyobaki ni jua, umeme na wezi.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini hasa

Kioo cha kuunganisha na simu, yaani skrini ya kufunga kwenye usukani, hakina ramani. Kinaonyesha kile ambacho simu inakituma kupitia Android Auto (ya simu za Android) au CarPlay (ya iPhone). Ramani ni ya simu, bando ni la simu, na simu ikizima chaji kioo kinabaki na saa na rangi nzuri tu. Vipo vya kununua na kufunga mwenyewe, kama Chigee na Carpuride, na vipo vinavyotoka na pikipiki kiwandani. Honda Gold Wing ya mwaka 2018 ndiyo pikipiki ya kwanza kuja na CarPlay. Royal Enfield Himalayan 450 ina dashibodi ya duara inayochora Google Maps kutoka kwenye simu. Kuna pia dashibodi zinazokupa mshale wa kugeuka tu bila ramani, na kwa mtu wa mjini mshale unatosha kabisa.

GPS ya kujitegemea, mfano Garmin Zumo XT au XT2, ina ramani ndani, inapokea satelaiti yenyewe, ina betri yake, na imetengenezwa kwa ajili ya mvua na vumbi. Haikuombi simu wala mtandao. Lakini bei yake inauma: XT2 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani karibu dola 600, kabla hujalipa usafiri na ushuru.

Jambo moja watu wanalichanganya. Simu yenyewe ina GPS, na GPS hiyo inafanya kazi hata bila laini ndani. Kinachokwisha mtandao ukikata ni ramani, kama hukuipakua. Kwa hiyo mtu akikuambia ununue GPS ya kujitegemea "kwa sababu porini hakuna mtandao", hiyo peke yake bado si sababu.

Hatua ya 2: Angalia safari zako zinaanzia wapi

Fungua simu, tazama safari zako za mwezi uliopita. Kama unapeleka mizigo, chakula au abiria, karibu zote zimeanza na lokesheni ya WhatsApp. Mteja anatuma pini, unaibonyeza, ramani inafunguka, unaondoka. Kioo cha simu kinaendeleza mtindo huohuo.

GPS ya kujitegemea haifungui WhatsApp. Zipo njia za kurusha pointi kutoka kwenye simu kwenda kwenye kifaa, ila hapo umeshashika simu tayari. Vinginevyo unaandika namba za mahali kwa mkono, na hapo ndipo watu wanapotea. Tuseme umetumiwa -3.3869, 36.6830, ambayo ni Arusha mjini. Kifaa kikiwa kimewekwa kusoma nyuzi na dakika (dakika 60 ni nyuzi 1), ukaingiza 3 kisha 38.69, umejipeleka karibu kilomita 29 kusini, kwa sababu nyuzi 3.3869 ni sawa na nyuzi 3 na dakika 23.2. Ukisahau alama ya kutoa, kifaa kitakuelekeza kaskazini mwa Kenya, pande za Ziwa Turkana, na kitafanya hivyo kwa utulivu kabisa. Ukilazimika kuandika namba, ingia kwanza kwenye mipangilio uweke mfumo wa desimali.

Anayeongoza wageni yuko upande wa pili. Njia yake imepangwa wiki kadhaa kabla, ipo kwenye faili la GPX, yaani faili linalobeba njia nzima, ina sehemu za mafuta, za kulala na za kuvuka mto. Faili hilo unalitupia kwenye Zumo, na kila siku kifaa kinafuata mstari uleule, simu iite isiite. Google Maps haikufuatishii faili la GPX namna hiyo. Ukitaka simu ifanye kazi hiyo, tumia programu ya ramani ya OsmAnd, au Organic Maps ambayo inakuonyesha mstari tu uufuate kwa macho; zote mbili zinakubali kuonekana kwenye Android Auto na CarPlay.

Hatua ya 3: Pima njia, usipime kilomita

Kati ya Dar na Morogoro hata mshale wa dashibodi unatosha. Kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron na kupanda Loliondo ni habari nyingine: mtandao unakuja na kuondoka, alama za tairi zinagawanyika mara tatu kisha zinakutana, na unahitaji ramani inayojua vijia.

Hapa ramani zinatofautiana kuliko vifaa. OsmAnd na Organic Maps zinatumia data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani huru ulioanza Uingereza mwaka 2004 na unaojazwa na watu wa kujitolea. Kwa Dar es Salaam kazi kubwa ilifanyika kupitia Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakichora mitaa na mifereji kwa sababu ya mafuriko, ndiyo maana baadhi ya mitaa ya uswahilini inaonekana vizuri huko. Kwa Garmin, wasafiri wengi wa Afrika hununua ramani za Tracks4Africa, na zipo pia ramani za bure za OpenStreetMap zilizotengenezwa kwa Garmin, unaziweka kwenye kadi ya kumbukumbu. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: kifaa hiki kina ramani ya wapi? Kilichonunuliwa Ulaya kinaweza kuja kinajua kila kona ya Ubelgiji na hakijui Babati.

Na usiamini njia fupi ya kifaa chochote. Omba njia ya Arusha hadi Mwanza, ramani inaweza kukupitisha Ngorongoro na Serengeti. Pikipiki hairuhusiwi kuingia Serengeti. Utafika getini, utageuzwa, na siku imekwisha. Weka mwenyewe vituo vya katikati: Babati, Singida, Nzega, Shinyanga. Hiyo ndiyo barabara yako.

Hatua ya 3 na nusu: Fikiria simu ya pili

Huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi, ingawa hauniingizii hela. Simu ya zamani ya Android, ngumu, isiyoogopa maji, haina laini, imejaa ramani za kupakua, inakaa kwenye usukani kama GPS. Simu yako ya kazi inabaki mfukoni, na mteja akituma lokesheni unawasha hotspoti na kuirusha. Udhaifu wake ni mwanga wa kioo na joto, ambavyo vinatupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kitoe nje dukani, saa sita mchana

Ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Omba kukiwasha nje juani, kikiwa kimelala kwa pembe ileile kitakayolala kwenye usukani. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Zumo XT ina 1050, na kwa jua letu kuanzia 1000 ndipo unasoma bila kukunja uso. Kioo cha niti 500 mchana ni kioo cha kujitazamia. Vaa miwani yako ya jua ukiwa hapohapo, kisha geuza kichwa kidogo kidogo: baadhi ya vioo hugeuka vyeusi kabisa kwenye miwani ya polaroidi.

Jaribu na glovu. Mwagia maji matone machache kwa kidole, uone kama ramani inaanza kujibonyeza yenyewe. Angalia pia maandishi ya kinga ya maji: IPX7 maana yake kifaa kimepimwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini soma na plagi yake. Kifaa chenye tundu la USB lililo wazi linapochomekwa waya hakina tena kinga ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu joto: Apple wenyewe wanaitaka iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Simu iliyo juani juu ya tangi, inachaji na inachora ramani, hupita hapo upesi, inafifisha kioo, kisha inakuandikia ipoe kwanza. Simu iliyo mfukoni inayotuma picha kwenye kioo nayo hupata moto, maana Android Auto na CarPlay zisizo na waya hutumia Bluetooth kujuana na waifai kupitisha picha muda wote. Betri itashuka. Panga kuichaji.

Hatua ya 5: Umeme

Kabla ya kukata waya wowote, shika mita. Betri ya volti 12 ikiwa imepumzika isome 12.4 hadi 12.7. Washa injini, vuta mafuta kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Sasa washa hedlaiti, indiketa na breki kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13 wakati injini inavuma, chaji ya pikipiki yako haina nafasi ya mzigo mpya. Shughulikia chaji kwanza. Kioo au simu inayokula volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, yaani karibu ampea 1 kwenye betri. Kwa pikipiki kubwa si kitu. Kwa Boxer au TVS yenye betri iliyochoka, inayotembea polepole mjini taa zikiwaka, ni kitu.

Usinyonye umeme kwenye waya wa hedlaiti. Kwenye pikipiki ndogo nyingi taa ya mbele inalishwa moja kwa moja na altaneta, umeme unaopanda na kushuka na mafuta, na unaua chaja za USB. Funga hivi:

1. Toa waya kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri.
2. Peleka waya huo kwenye rilei (swichi inayowashwa na umeme), mguu ulioandikwa 30. Mguu wa 87 uende kwenye kifaa.
3. Mguu wa 86 uchukue umeme wa swichi, kwa mfano waya wa taa ya nyuma unaowaka ukifungua ufunguo. Utafute kwa mita, usiamini rangi. Mguu wa 85 uende hasi.
4. Pitisha waya chini ya tangi mbali na egzosi. Karibu na shingo ya usukani acha ulegevu, kisha kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Waya ukikaza popote, fungua uanze upya.

Ufunguo ukizimwa, kila kitu kizimike. Kifaa kinachobaki kinakunywa betri usiku kitakufanya usukume asubuhi.

Hatua ya 6: Holda, mtetemo na mikono ya watu

Mwezi wa Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha kwenye kamera za iPhone, na wakashauri holda yenye mpira wa kuzuia mtetemo. Kwa mwenye simu ya bei mbaya, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kununua kioo: simu inakaa mfukoni, kinachotikiswa ni kioo.

Wezi nao wana maoni yao. Zumo inachomoka kwenye kitako chake, unaingia nayo hotelini. Vioo vingi vya simu vimefungwa kwa nati na havishuki upesi, na ukiegesha Kariakoo au soko la Kilombero kuna mtu ana spana. Chagua kinachochomoka.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa karibu na nyumbani

Pakua ramani za mkoa mzima na za jirani. Za Google zina tarehe ya kuisha usipozisasisha, na nje ya mtandao hazikupi foleni wala njia ya miguu. Zima data kabisa, lakini Bluetooth na waifai viache vikiwa vimewashwa. Simama mahali peupe uipe simu muda wa kupata satelaiti, kwa sababu bila data mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Kama una intakomu ya helmeti, ijaribu ikiwa imeunganishwa na kioo badala ya simu. Kwa vioo vingi vya CarPlay sauti hupita vizuri namna hiyo.

Kisha endesha njia unayoijua, yenye lami, rasta na kipande cha vumbi. Pita sehemu yenye miti. Chomoa waya wa chaji katikati ya safari uone kifaa kinafanya nini, kisha uuchomeke tena. Ukirudi, kagua kila nati kwa mkono: zinazolegea hulegea siku ya kwanza. Na mahali pa kwenda paandikwe ukiwa umesimama, mguu chini.