Kupanga Seti ya Ngoma Nne: Kuanzia Kitini hadi Toazi la Mwisho

Seti ya ngoma nne huhesabiwa kwa ngoma zake tu, bila matoazi: ngoma ya besi inayopigwa kwa mguu, snea yenye nyuzi za chuma chini yake, tomu ndogo inayokaa juu ya besi, na tomu kubwa inayosimama sakafuni kwa miguu yake mitatu. Anayeiona kando ya seti yenye tomu tano au sita huenda akadhani kwamba kuna kitu kimepungua. Sisi tunaoipenda tunaiona kwa namna nyingine, kwa kuwa ile nafasi iliyo wazi juu ya besi, mahali ambapo tomu ya pili ingekaa, ndiyo mali kubwa kuliko zote katika seti hii. Mpangilio wote unaofuata unalenga kuitumia nafasi hiyo ipasavyo.

Umbo lenyewe lina historia ndefu. Mpiga ngoma Gene Krupa, aliyevuma akiwa na bendi ya Benny Goodman katika miaka ya 1930, alishirikiana na kampuni ya ngoma ya Slingerland kupata tomu zinazoweza kukazwa ngozi pande zote mbili, na seti yake ya ngoma nne ikawa kielelezo kwa wengi waliomfuata. Tarehe 9 Februari 1964, The Beatles walipotokea katika kipindi cha Ed Sullivan nchini Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, mpiga ngoma wao Ringo Starr alikuwa nyuma ya seti ya kampuni ya Ludwig yenye besi ya kipenyo cha inchi 20, tomu za inchi 12 na 14, na snea ya inchi 14. Katika jazi, Tony Williams, aliyejiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, alipiga besi ndogo ya inchi 18 ambayo sauti yake huimba badala ya kuguta tu. Vipimo hivi viwili bado vinatumika, pamoja na kile kikubwa zaidi cha besi ya inchi 22, tomu ya 12 au 13, na tomu ya chini ya 16. Unapochagua, usifikirie sauti peke yake. Kimo cha besi ndicho kinachoamua tomu na raidi, yaani toazi kubwa la kushikilia mdundo, zitashuka hadi wapi, na tofauti ya inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, ni kubwa sana kwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi.

Mwili kwanza, ngoma baadaye

Tandika zulia lisiloteleza, kisha weka kiti peke yake katikati. Kaa, urekebishe kimo hadi mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini, kwa maana kiti kikiwa chini mno kiuno huchoka na mguu hupoteza nguvu. Sasa fumba macho, tikisa miguu kidogo, uiache ianguke itakako. Pale nyayo zilipotua ndipo pedali zinapopaswa kuja: ya besi chini ya mguu wa kulia, na ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, chini ya wa kushoto, au kinyume chake kwa anayetumia zaidi mguu wa kushoto. Wengi hukosea hapa kwa kuielekeza besi mbele moja kwa moja ili ipendeze kwa watazamaji, ilhali mguu kwa kawaida huelekea pembeni kidogo. Igeuze besi ifuate mstari wa paja na unyayo wako, kisha toa miguu yake ya mbele hadi ukingo wa mbele uinuke kidogo tu kutoka sakafuni, isije ikateleza unapoipiga.

Snea huingia katikati ya magoti. Kimo kinachofaa ni pale ambapo pete ya juu, ule mviringo unaobana ngozi, inapita paja lako kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Ili kuhakikisha, piga ngozi na pete kwa wakati mmoja, kwa nguvu, mara kadhaa. Ikiwa mkono unagusa paja au kijiti kinakosa pete, pandisha au shusha kidogo kabla ya kuendelea.

Tomu ndogo isogezwe upande wa kushoto juu ya besi, karibu na snea kiasi kwamba pete hizo mbili zitenganishwe na nafasi ya vidole viwili tu. Wengine huiweka juu ya stendi ya snea ya ziada badala ya kuitundika kwenye besi, na nadhani hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu unaweza kuisogeza popote bila kutoboa ganda la besi wala kulibebesha uzito. Iinamishe kidogo tu kukuelekea. Tomu iliyosimama wima hulazimisha ncha ya kijiti kuchoma ngozi, na baada ya wiki chache utaona mabonde madogo yaliyozama, ambayo hayarudi tena na ambayo huharibu sauti hata ukikaza vipi.

Raidi ikae mahali pa tomu ya pili

Kwa miaka kadhaa nilipiga nikiwa na tomu mbili juu ya besi, raidi ikiwa mbali upande wa kulia na juu kiasi cha bega. Baada ya saa moja ya kupiga, bega la kulia lilikuwa likiwaka moto, nami nikadhani ni udhaifu wangu. Siku moja skrubu ya kishikio cha tomu ya pili ilikatika dakika chache kabla ya mazoezi. Nikaiweka tomu ile pembeni, nikaivuta stendi ya raidi hadi pengoni, nikaishusha hadi toazi likawa juu kidogo ya besi. Mpigo wa kwanza tu, kiwiko kilibaki ubavuni, kifundo cha mkono kikafanya kazi yote, na kile kilio kirefu cha toazi nilichokuwa nikikitafuta kwa nguvu kikatoka kwa kugusa tu. Ile tomu haikurudi tena.

Hivyo basi, kaa wima, acha kiwiko kining'inie karibu na mbavu, nyoosha kijiti mbele, uilete raidi pale ncha ilipo. Ncha iguse kati ya kitovu cha toazi na ukingo wake, na bega la kijiti, pale kinapoanza kuwa chembamba, liweze kufika kitovuni bila wewe kuinama. Toazi la inchi 20 linatosha katika muziki wa aina nyingi. Nati ya juu usiikaze hadi mwisho: toazi lazima liyumbe baada ya kupigwa, na liwe limekalia kitambaa cha sufi na mrija wa plastiki, kwani chuma kikikwaruza chuma, tundu hupanuka na ufa huanzia hapo.

Tomu kubwa iwe sambamba na snea kwa kimo, upande wa kulia wa paja, ili mkono uende na kurudi bila kupanda wala kushuka. Kreshi moja, toazi la kutilia mkazo, ya inchi 16 au 18 huwekwa kati ya haihati na tomu ndogo. Haihati yenyewe, ya inchi 14 kwa kawaida, ipande juu ya snea kiasi kwamba mkono wa kushoto unaweza kuinuka na kupiga snea kwa nguvu bila kugonga ule wa kulia unaopita juu yake.

Kukaza ngozi

Ngoma zikiwa nne, hakuna ya kujificha nyuma ya nyingine. Tomu moja iliyokazwa ovyo husikika katika kila wimbo. Tenga jioni nzima kwa kazi hii angalau mara moja.

Toa ngozi zote mbili za tomu, ufute ukingo wa ganda kwa kitambaa kikavu, upitishe kidole taratibu ukizunguka ukingo wote. Ukihisi kijishimo au kichuguu, hapo ndipo sauti itakapokuwa ikipotea. Rudisha ngozi ya chini kwanza, ukaze skrubu zote kwa vidole tu hadi ziguse, kisha shika ufunguo na ukaze nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka kutoka moja hadi ile inayoikabili, kamwe usifuate duara. Mikunjo ikishaisha, gonga kwa ncha ya kijiti karibu na kila skrubu, kiasi cha sentimita 3 kutoka ukingoni, huku kidole cha mkono mwingine kikigusa katikati ya ngozi kwa wepesi. Sikiliza sauti, usiangalie ni mara ngapi umezungusha ufunguo. Skrubu moja ikitoa sauti ya chini kuliko wenzake, ikaze kidogo. Kisha iangalie na ile inayoikabili, maana mara nyingi kosa lipo upande wa pili.

Fanya vivyo hivyo kwa ngozi ya juu. Mimi huikaza ya chini kidogo zaidi ya ile ya juu, na sauti hupata mwili bila kurefuka mno. Hapa pia lile pengo la tomu iliyokosekana lina faida yake. Wenye tomu nyingi hubanana, kila ngoma ikilazimika kukaa hatua ndogo chini ya jirani yake; wewe una mbili tu, hivyo ziache zitengane kwa nafasi ya noti ya nne au ya tano katika ngazi ya muziki. Imba noti ya tomu ndogo, shuka hatua nne kwa sauti yako, na uilete tomu kubwa hapo. Masikio ya wasikilizaji yatazitambua papo hapo kama sauti mbili zenye tabia tofauti.

Snea inataka uangalifu wa pekee kwa sababu ngozi yake ya chini ni nyembamba sana. Ikaze ikakamae, kisha hakikisha nyuzi za chuma zimekaa katikati na zimevutwa sawasawa pande zote mbili. Ikiwa nyuzi zinanguruma kila unapopiga tomu ndogo, usikimbilie kuzikaza hadi snea ikose pumzi. Badilisha kidogo sauti ya tomu, kwa kuwa kinachotokea ni kwamba ngoma hizo mbili zinaitikiana kwa noti moja. Besi nayo iachwe iwe ngoma: kitambaa kimoja kilichokunjwa na kugusa ngozi ya nyuma kinatosha, wala hakuna haja ya kuijaza mito.

Kupiga kwa sauti chache

Mpigaji aliyezoea kushuka tomu baada ya tomu hujikuta amefika mwisho wa seti kabla ya kujaza kipimo chake cha mapigo. Dawa yake ni kubadilisha mdundo badala ya kutafuta ngoma nyingine. Jaribu zoezi hili: gawanya kila pigo mara nne, mkono wa kulia kwenye snea, wa kushoto kwenye tomu ndogo, wa kulia tena kwenye tomu kubwa, kisha mguu kwenye besi. Rudia taratibu kwa mapigo manne hadi sauti zote nne zitoshane kwa ukubwa. Baada ya hapo gawanya pigo mara tatu, ukiacha tomu ndogo, na uone jinsi sauti zile zile zinavyojenga sentensi nyingine kabisa. Mguu wa besi, ambao katika mizunguko ya tomu nyingi husahaulika, hapa unakuwa sauti kamili ya maneno yako.

Kila kitu kikiwa mahali pake na mwili ukiwa umeridhika, usinyanyue hata stendi moja kabla ya kuweka alama. Bandika utepe juu ya zulia kuzunguka miguu ya kiti, pedali zote mbili, miguu mitatu ya tomu kubwa na stendi ya raidi, kisha kaza vibano vya kumbukumbu kwenye mabomba ya stendi ili kimo kisibadilike. Andika juu ya kila utepe ni wa nini, kwa kalamu isiyofutika, kwani baada ya kukunja zulia na kulitandua mara kumi alama za miguu mitatu ya stendi tofauti hufanana sana.