Mtaro Ukiziba, Usianze kwa Meya

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko chini ya mteremko, na misimu miwili ya mvua maji ya mtaro yaliingia ndani mpaka yakafunika kanyagio la mashine. Msimu wa kwanza nilipiga kelele. Wa pili niliandika, nikaandika vibaya. Jiji letu la hapa Uganda silitaji, maana wakubwa wake wengine ni wateja wangu na suruali zao ninazo mpaka leo.

Kwanza pima. Mimi nilitumia utepe wangu wa kazi: maji yalifika inchi tisa ukutani, nikatia alama kwa chaki ya kushonea, nikaandika tarehe kwenye daftari. Ukisema "maji mengi", afisa atatikisa kichwa na kusahau. Inchi tisa na tarehe hawezi kuzijibu kwa kutikisa kichwa.

Kisha safisheni wenyewe kinachowezekana. Mwenyekiti wetu wa kijiji aliita kazi ya pamoja Jumamosi moja, ile Waganda wanayoiita bulungi bwansi, tukatoa kavera (mifuko ya plastiki), vitambaa (vingine vyangu, nakiri) na godoro zima. Msiposafisha, jibu la kwanza mtakalopewa ni kwamba taka ni zenu. Sisi tulisafisha, maji yakaendelea kuingia, ndipo ikajulikana kwamba mtaro wenyewe ni mwembamba.

Sasa nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali. Nenda jioni. Serikali imekuwa ikiwapa hawa watu shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, kwa hiyo mchana wako kwenye shughuli zao. Wetu anatengeneza baiskeli. Usistaajabu ukiombwa kitu kidogo cha wino wa muhuri. Barua ya kunitambulisha mimi binafsi, sawa, natoa. Ila shida ya mtaa mzima silipii.

"Mama Hawa, huo mtaro si wa kijiji, ni wa jiji," aliniambia.

"Najua, mzee. Nataka mkutano na muhuri wako tu."

Mkutano ndio wenye nguvu. Baraza la kijiji si wale viongozi peke yao. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, hata mpangaji wa chumba kimoja. Wengi hawajui, wanadhani kazi yao iliisha Julai 10, 2018, siku ya uchaguzi wa LC1, tulipopanga mlolongo nyuma ya wagombea. Hakikisha katibu anaandika kumbukumbu, watu wanatia sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Mkutanoni semeni Kiswahili, Kilugbara, Kiganda, chochote mnachoelewana. Barua iandikwe Kiingereza. Katiba ilirekebishwa 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini sijaona bado faili la ofisini linalolijua hilo. Mimi niliandikiwa na binti wa jirani aliyeko Senior Four (mwaka wa nne wa sekondari), nikamlipa kwa kumpunguzia sketi ya shule. Ukurasa mmoja unatosha: shida, mahali, vipimo, mnachotaka.

Toa nakala tatu, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapa ndipo nilipoumia. Barua yangu ya kwanza nilimkabidhi kijana mmoja mapokezi, nikashukuru, nikaondoka mikono mitupu. Baada ya miezi sita nikaambiwa, "Mama, hapa haikufika."

Jambo la kujua kuliko yote ni majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mikutano ya kupanga bajeti huwa kwenye Oktoba na Novemba, na mabaraza hupitisha bajeti kabla ya Mei kwisha. Mimi nilipeleka yangu Juni. Kupeleka ombi Juni ni kufika harusini sahani zimeshaoshwa: watakupokea vizuri, watakupa kiti, chakula hakuna. Mwaka uliofuata nilifika Septemba. Barua ikapanda kutoka LC1 kwenda kata, kutoka kata kwenda divisheni (sehemu ya jiji yenye kata kadhaa), na nakala moja kwa karani wa jiji, ambaye ndiye anayejibu kuhusu matumizi ya fedha. Meya ni mwanasiasa. Msalimie, mpigie kura ukitaka, lakini kwenye malipo sahihi inayotafutwa ni ya karani.

Mtafute diwani wako. Unao zaidi ya mmoja: wa divisheni na wa jiji, na viti vya wanawake viko pia. Mimi nilianza na mama wa viti vya wanawake, kwa sababu aliwahi kulala njaa sokoni kama mimi. Baraza linapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili, na kwa kawaida mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Kusema huruhusiwi. Lakini diwani akigeuka akawaona wapiga kura wake sita kwenye benchi la nyuma, hasinzii.

Wakikunyamazia, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inakupa haki ya kuomba maandishi yaliyo mikononi mwa serikali, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Omba kitu kimoja kwa jina lake, mfano mpango wa kazi wa mitaro wa mwaka huu. Pia kuna yale mabaraza ya wananchi yaliyoanzishwa 2009 chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo maafisa hueleza hadharani fedha zilivyotumika. Likija kwenu, enda na swali fupi lenye tarehe ya barua yako. Wengine watahutubia dakika kumi, waache.

Nusu ya juu ya mtaro wetu imejengwa kwa mawe, mpaka karibu na msikiti. Nusu ya chini, yenye kibanda changu, imeandikwa mwaka ujao wa fedha. Alama ya chaki sijaifuta.