Ulikeketwa na bado inakusumbua akilini? Hivi ndivyo utaanza matibabu hapa Nairobi

Kwanza kabisa dadangu, si lazima usimulie ile siku ndio utibiwe. Wengi hawaendi kwa kaunsela juu wanafikiria wataketishwa chini waambiwe haya sema yote, alafu wanaogopa wakianza kulia hawatanyamaza. Kaunsela anayejua kazi yake haanzi hapo, anaanza na usingizi wako, hasira zako, vile mwili unashtuka, na wewe ndio unaamua mwendo. Siku ile ulishikwa na hakuna aliyekuuliza, so tiba yoyote ya kukulazimisha inakurudisha palepale.

Utajuaje hiki ni kiwewe na si stres ya kawaida? Angalia kama picha za siku ile zinakujia bila kuitwa, ama ndoto, ama moyo kudunda ukisikia harufu ya spiriti ama ukiona wembe mpya. Wengine inaamka wakiwa leba, wengine usiku wa harusi, wengine binti yao akifika ule umri wao walikatwa. Desemba pia, shule zikifungwa na watu wakianza kupanga kwenda ushago, unajikuta huli, hulali, unagombana na kila mtu na hujui mbona. Na kuna wale hawahisi chochote, wamekufa ganzi kabisa, hiyo pia ni dalili. Si kila aliyekeketwa anaugua hivi, na kama uko sawa usikubali mtu akuambie lazima umevunjika. Lakini utafiti mmoja wa Dakar uliotolewa 2005 ulipima wanawake 23 waliokeketwa na karibu 30 kwa 100 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe wenyewe, so si wewe pekee na si wazimu.

Kile kinauma kuliko wembe, na watu hawakitaji, ni nani alikushika miguu. Mara nyingi ni mama, shosho, ama shangazi, watu walewale walikulea na bado unawatumia pesa ya matumizi kila mwezi. Unampenda na una hasira naye, zote mbili kwa siku moja, na unajiona mtoto mbaya. Naomba usijilazimishe kusamehe haraka ati ndio upone, na pia usiende kumkabili kwa mkutano wa familia kabla hujapata mtu wa kukushikilia. Peleka hiyo hasira kwa kaunsela kwanza. Huyo mama pengine alikatwa pia na aliogopa usikose mume, unaweza kuelewa hivyo na bado useme ulikosewa.

Kabla hujapata miadi, jifunze kujirudisha picha zikikushika. Kanyaga sakafu na miguu yote miwili, taja kwa sauti vitu 5 unaona, vitu 4 unaweza kugusa, sauti 3 unazosikia, harufu 2, ladha 1, alafu jiambie mwaka huu ni gani na uko wapi. Ata ndani ya mat unaweza fanya polepole bila mtu kujua. Haiponyi, inakutoa tu kwa ile siku ikurudishe leo. Tembe za usingizi za kununua kwa chemist wachana nazo, hazitibu kiwewe na zingine zinakuzoesha vibaya.

Sasa mahali pa kwenda. Ukiwa huna pesa anza na simu, 1199 ya Kenya Red Cross ni ya ushauri na ni bure, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, pia bure. Kuna Gender Violence Recovery Centre iliyoanzishwa 2001 katika Nairobi Women's Hospital, kuna hospitali ya Kenyatta, na kuna Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ambapo watu wanaogopa jina tu ilhali kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, unaingia na unarudi nyumbani. Ukifika dirishani usijieleze mbele ya laini, sema tu nataka kaunsela wa kike, ni mambo ya kibinafsi. Kama uko Eastleigh na unahitaji mkalimani, kataa jirani ama mtu wa ukoo, omba asiyekujua. Kaunsela wa kulipia muulize kama amesajiliwa na kama ashawahi kuhudumia waliokeketwa, ukiona anashangaa ama anakuuliza maswali ya udaku, ondoka utafute mwingine.

Tiba yenyewe ni gani? Shirika la Afya Duniani lilisema kwa mwongozo wake wa 2016 kwamba aliyekeketwa na ana huzuni, wasiwasi ama kiwewe afikiriwe kupewa tiba ya mazungumzo ya kubadilisha mawazo na mienendo. Kwa kawaida ni wiki 8 hadi 12 hivi, mara moja kwa wiki, na za katikati mara nyingi ndio ngumu juu hapo ndio mnakaribia ile siku. Wengine huachia hapo. Ukiona unataka kuacha mwambie kaunsela mpunguze mwendo kwanza. Daktari anaweza kuongeza dawa za huzuni, na hizo huchukua wiki kadhaa kushika, usizikatize ghafla.

Mwili usiuache nyuma. Kama ulishonwa na mkojo unatoka polepole ama hedhi ni mateso, kufunguliwa ni upasuaji mdogo, uliza hospitali, lakini omba ushauri kabla, juu baadaye mkojo unatoka kwa nguvu na sauti tofauti na wengine hushtuka. Ukienda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi mwambie nesi mapema kwamba ulikeketwa na unaogopa, omba kile kifaa cha kuingizwa ukeni kiwe kidogo, omba ukiingize mwenyewe ukitaka, na mkubaliane kwamba ukiinua mkono anasimama. Kama hasimami, vaa nguo uende. Na mume mwambie mambo ya kitandani yapumzike kwa muda wakati unatibiwa, anayekupenda atangoja.

Kuna swali linawazuia wengi: nikisema, mamangu atashikwa? Sheria ya 2011 inakataza ukeketaji na inataka anayejua kisa aripoti, so siku ya kwanza kabla hujataja jina la mtu yeyote muulize kaunsela, nini kinabaki hapa kati yetu na nini utalazimika kupeleka mbele? Una haki ya kujua hiyo kwanza, na unaweza kuzungumzia usingizi, hofu na hasira zako wiki nyingi bila kutaja jina la mtu wala kijiji. Lakini kama kuna mtoto anapangiwa kukatwa likizo hii, hapo usingoje kaunsela, piga 116 ya watoto, ni bure, usiku ama mchana.