Usianze kuandika mfumo wa zahanati kabla hujakaa na sista

Mifumo mingi ya kompyuta kwenye zahanati huharibika kabla mashine haijawashwa. Wabunifu hukutana na wakubwa wilayani, wakakubaliana kila kitu, halafu sista, yaani muuguzi, anayejaza rejista anakuja kuletewa kishikwambi na mafunzo ya siku mbili. Nimetengeneza mifumo ya kliniki za wajawazito mkoani Morogoro kwa miaka mingi, na haya nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii.

Ruhusa iombe juu. Bila barua ya mganga mkuu wa wilaya hupiti mlangoni, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukifika zahanati msalimie mganga mfawidhi, mweleze ulichokuja kufanya, kisha mwombe akukutanishe na wale wanaoshika kalamu. Usikubali kupewa mtu kwa sababu tu siku hiyo hana kazi. Waombe wauguzi wachague wenyewe mwenzao atakayefanya kazi nanyi. Mambo ya posho na nauli yasemwe siku hiyohiyo mbele ya wote, maana yakibaki ya chinichini yatakuja kuwagombanisha baadaye. Saa zako nazo zifuate zao: asubuhi benchi limejaa akina mama, kwa hiyo wewe ni wa kutazama tu. Maswali yasubiri mchana, kliniki ikishapungua.

Huko kutazama ndiko watu wengi wanakokuruka, na mimi naona ndiyo nusu ya kazi. Kaa pembeni na daftari, kompyuta ibaki kwenye begi. Mama mjamzito aulizwe kama anaridhia uwepo, na anapopanda kitandani kupimwa wewe toka nje. Angalia kinachoandikwa kwanza. Mara nyingi sista hujaza kadi ya kliniki kwanza kwa sababu mama anaondoka nayo, kisha rejista ya MTUHA, yaani vitabu vya serikali vya taarifa za afya, hufuata, pengine foleni ikishaisha kabisa. Skrini inayomtaka amalize ukurasa mzima ndipo aende kwenye presha itamchelewesha kila siku, na ataanza kuikwepa.

Halafu omba kuonyeshwa pambizo za rejista. Humo utakuta namba ya simu ya jirani, jina la kitongoji, nyota ya penseli kwa mama aliyekosa hudhurio. Mambo hayo hayana safu kwenye kitabu kilichochapishwa, ila ndiyo yanayomwezesha sista kumtafuta mama asiyerudi. Uliza maana ya kila alama. Ukiyaacha nje ya mfumo, daftari la pembeni litaendelea kuishi na mfumo wako utakuwa mzigo wa nyongeza.

Chukua mfano wa tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama anaulizwa, anajibu, "Ilikuwa Ramadhani haijaisha," au, "Tulikuwa bado hatujavuna mpunga." Sista anarudi nyuma kwa miezi, anapapasa tumbo kupima kimo cha mimba, anaandika makadirio. Mbunifu aliyebaki ofisini huweka sehemu ya tarehe kamili na kuifanya ya lazima: bila siku, mwezi na mwaka, mfumo haukubali kuhifadhi. Sista ana foleni mbele yake. Ataandika tarehe 1 ya mwezi anaoudhania na kuendelea. Mfumo nao utaongeza siku 280 na kutoa tarehe ya matarajio ya kujifungua, safi kabisa kwenye skrini. Hata kama mwezi ni sahihi, tarehe hiyo inaweza kupotoka kwa karibu wiki nne, wala hakuna atakayejua kuwa yalikuwa makadirio. Ukiona tarehe 1 zimejaa kwenye data, usimkemee sista. Mfumo ndio uliomnyima njia ya kusema ukweli. Weka njia tatu: tarehe kamili, mwezi peke yake, au haijulikani pamoja na kimo cha mimba. Dawa hiyo hutoka kwa sista mwenyewe ukimuuliza, "Kwenye karatasi huwa unafanyaje?"

Kumpa mtumiaji sauti kuna historia inayotuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Norway, Kristen Nygaard, aliyebuni lugha ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wawe na maarifa yao kuhusu kompyuta, wasingoje kuambiwa na waajiri. Mwaka 1981 ukaanza mradi wa UTOPIA wa wachapaji wa magazeti wa nchi za Nordiki. Mashine walizozitaka hazikuwa zimepatikana bado, kwa hiyo waliziunda kwa maboksi na mbao, wakajaribu kufanya kazi nazo kana kwamba ni za kweli. Fikra hizo zilifika Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, kupitia ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, na humo ndimo ilimozaliwa DHIS, programu ya kukusanya takwimu za afya. Toleo lake la pili, DHIS2, ndilo linalobeba ripoti za afya Tanzania na Kenya hivi leo.

Nawe anza kwa maboksi yako, yaani karatasi. Karatasi moja iwe skrini moja, penseli na kifutio viwe mezani. Peleka michoro miwili inayotofautiana kweli, si mmoja. Ukipeleka mmoja utaambiwa, "Iko vizuri, mwanangu," kwa sababu mgeni aliyesafiri mbali kuja na kazi yake havunjwi moyo. Ikiwa miwili, kuukataa mmoja si kukukataa wewe. Pia usiulize, "Mnaionaje?" Sema, "Mama, nisajilie mjamzito aliyekuja kwa hudhurio la pili, kadi amesahau nyumbani." Kisha nyamaza, na mikono yako ikae mbali na karatasi. Mahali anaposita kidole, weka alama. Mfawidhi asiwepo chumbani wakati huo. Mwombe kwa adabu, mwambie ripoti ya kikao ataipata, naye ataelewa. Wauguzi wawili wakikaa pamoja watajadiliana wao kwa wao, na utasikia mengi kuliko yale ambayo wangekuambia wewe.

Lipo jambo gumu zaidi: nani anaamua? Kumsikiliza sista halafu kuamua peke yenu ni kumpotezea muda. Kabla ya kuanza, kubalianeni kwa maandishi mambo ambayo wauguzi wana neno la mwisho juu yake. Mimi huweka humo mpangilio wa skrini, sehemu zipi ni za lazima, na maneno yanayotumika. Viashiria vya wizara, yaani takwimu ambazo wizara inazidai, havibadiliki, na waambiwe hivyo mapema. Kuwe na daftari la maombi, kila ombi lijibiwe, hasa lililokataliwa, na sababu iandikwe kwa lugha ambayo mwenye ombi ataielewa.

Mfumo ukianza kutumika, ulizia karatasi zitasimama lini. Sista anayejaza rejista na kishikwambi kwa mama mmoja amepewa kazi mara mbili kwa mshahara uleule. Kama wilaya haiko tayari kutaja tarehe, punguza mnachomtaka aingize hadi mambo machache ambayo yeye mwenyewe yanamsaidia, kama orodha ya akina mama waliokosa hudhurio wiki hii.

Uwepo zahanati mwisho wa mwezi wa kwanza, ripoti inapofungwa. Fungua rejista na skrini sambamba, uhesabu pamoja na sista, mstari kwa mstari. Panapotofautiana, sikiliza maelezo yake kabla hujagusa programu. Na uhamisho ukija, kwa sababu utakuja, huyo mliyefanya naye kazi ndiye amfundishe anayempokea, naye alipwe kwa siku hizo.