Printa inasema karatasi imekwama, kumbe ndani hakuna karatasi: mambo ya kuzingatia kabla ya siku ya kikao

Wiki moja kabla ya kikao kikubwa, fika ofisini mapema, kabla maongezi na feni havijaanza. Zima printa, subiri dakika moja, iwashe. Usitume kazi yoyote. Simama pembeni usikilize. Wengi huliruka jambo hili kwa sababu halifanani na kazi, lakini mimi ndipo ninapoanzia kila ninapoitwa.

Ninachotafuta ni wakati. Wateja wangu karibu wote huniambia ujumbe umetokea wapi: "mlango wa nyuma, fundi," au "trei ya pili." Mimi nauliza umetokea lini. Printa ya leza haina macho ya kuona karatasi. Njiani ina vimikono vidogo vya plastiki, na kila kimoja kina sensa yake pembeni (si ile sensa ya Agosti 2022, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu). Karatasi ikipita inasukuma kimkono, kimkono kinaukata au kinauachia mwali mdogo wa taa, na printa inajua kuna kitu kimefika. Kutoka hapo inahesabu muda. Karatasi ikichelewa kufika kwenye sensa inayofuata, ikichelewa kuondoka, au kimkono kikionekana kimesukumwa wakati ndani hamna kitu, hukumu ni ileile moja: Paper Jam. Sababu haiijui. Inachojua ni kwamba muda haukwenda ulivyotakiwa.

Kwa hiyo ujumbe ukitokea palepale baada ya kuwasha, kabla rola haijagusa karatasi, kuna sensa inayodhani karatasi iko ndani. Trei iache, haina kosa. Ukitokea baada ya rola kuzunguka mara mbili tatu huku karatasi imelala kwenye trei vilevile, hakuna kilichokwama. Karatasi imeshindwa kuvutwa, ikahesabiwa imechelewa. Na kama karatasi imeshachungulia nje, au imetoka yote na bado mashine inalalamika, angalia upande wa kutokea, kwenye fyuza (sehemu ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi) na kimkono kilicho baada yake. Andika hivyo kwenye kikaratasi ubandike ubavuni mwa printa. Kitakusaidia kuliko kufungua milango yote kwa zamu.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, niliitwa kwenye ofisi moja hapa Dodoma mjini. Katibu muhtasi alikuwa na makabrasha 40 ya kutoa kabla ya saa tatu asubuhi, na hiyo ilikuwa saa moja na nusu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba dada, inasumbuaje?"

"Nimetoa trei, nimetoa tona, nimefungua mbele na nyuma. Hata kipande sijaona. Na bado inasema imekwama."

"Inasema lini?"

"Tangu jana jioni."

"Hapana, ukiiwasha. Inasema kabla haijavuta karatasi, au baada?"

Alifikiri kidogo. "Haivuti kabisa. Ikiwaka tu, inasema."

Nilichomoa waya ukutani, nikatoa katriji ya tona (kasha la unga wa wino), nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye mwanya wa sensa, mwanya ambao hata kucha ya kidole kidogo haiingii vizuri, kulikuwa na ganda la karanga. Si lile gumu la nje. Ni ule utando mwekundu unaobaki vidoleni ukimenya karanga za kukaanga. Ulikuwa umejibana pale na kuziba taa. Juu ya printa palikuwa na kisahani. Sisi wa mkoa huu tuna historia ndefu na karanga: Waingereza walikuja na matrekta yao Kongwa mwaka 1947 wakitegemea kuvuna mafuta ya kula ya nchi yao, wakaishia kuondoka mikono mitupu. Sikujua bado zina hasira. Niliuondoa ule utando kwa brashi laini ya rangi, nikakigusa kimkono, kikarudi mahali pake chenyewe. Makabrasha yalitoka yote.

Hapo ndipo penye kipimo cha kufanya kabla. Printa ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, tafuta kila kimkono unachoweza kukifikia: cha karibu na trei, cha chini ya katriji, cha mlango wa nyuma. Kisukume kwa ncha ya kidole, uachie. Kinatakiwa kurudi chenyewe, upesi. Kikirudi kwa uvivu, au kikibaki kimelala, springi yake imechomoka au kimeshikwa na uchafu. Usikipake mafuta. Nimekuta printa zilizopakwa mafuta ya cherehani. Ziliteleza vizuri wiki moja, halafu vumbi likaganda na mafuta, pakawa pabaya kuliko mwanzo. Na kama printa ilikuwa inafanya kazi muda si mrefu, ipe nusu saa kabla ya kuingiza mkono nyuma, maana fyuza inafika karibu nyuzi 200 za joto.

Vumbi nalo lina sura yake hapa. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo, na ofisi iliyo kando ya barabara isiyo na lami, iwe Nzuguni au Nkuhungu, inakula vumbi hata madirisha yakifungwa. Mpira wa rola ya kuvuta karatasi unapata ngozi ya vumbi, unang'aa, unateleza. Printa inajaribu kuvuta, inakosa, inajaribu tena, muda unaisha. Huo ndio ujumbe wa pili niliousema, na huku kwetu ndio unaotokea mara nyingi kuliko yote. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, kiloweshe maji, ukikamue mpaka kikaribie kukauka, ufute rola huku ukiizungusha. Futa pia pedi ndogo iliyo mkabala nayo, ile inayozuia karatasi mbili zisiingie pamoja. Ukishafuta na bado inateleza, mpira umeisha, na hakuna dawa ila kubadilisha. Ile rola nyeusi ya sponji iliyo chini ya katriji usiiguse kwa vidole; mafuta ya ngozi yanaacha madoa kwenye kurasa.

Wengine hupuliza kwa mdomo. Mate yanaingia, tona inakurukia usoni. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani pia haifai, kwa sababu unga wa tona ni mwembamba mno, unapita kwenye kichujio na kurudi chumbani.

Karatasi zenyewe zina tabia ya msimu. Wakati wa ukavu zinashikana kwa umeme tuli, rola inavuta tatu kwa pamoja. Wakati wa mvua zinanyonya unyevu, zikipita kwenye fyuza zinajikunja ncha na kugonga njia ya kutokea. Rimu ikae kwenye kifungashio chake mpaka siku ya kutumika, na isiwekwe sakafuni. Kabla ya kuijaza trei, zipepee karatasi kwa vidole kama unavyohesabu noti, gonga kingo mezani zilingane, na usipite alama ya kikomo.

Sasa jambo ambalo limenipotezea saa nyingi kuliko yote, na halina uhusiano na uchafu wala kuvunjika. Karatasi tunayotumia ni A4, yenye urefu wa milimita 297. Karatasi ya Marekani iitwayo Letter ina milimita 279. Mtu akileta waraka ulioandaliwa kwa kipimo cha Letter, printa ikakwambia uweke Letter, wewe ukabonyeza OK ili mambo yaende, au mtu akabadilisha kipimo cha trei kwenye menyu akasahau kukirudisha, printa inaanza kuhesabu muda wa karatasi fupi. Karatasi iliyomo ni ndefu kwa milimita 18. Inapita vizuri kabisa, haina mkunjo, lakini mkia wake bado uko kwenye sensa wakati mashine inatarajia pawe patupu. Printa nyingine zitakwambia kipimo hakilingani. Nyingine zinasema tu karatasi imekwama. Unaifungua, unakuta karatasi imenyooka, unaitoa, inarudia. Kabla ya kikao, angalia mahali patatu: menyu ya printa kwa kila trei, mipangilio ya printa kwenye kompyuta, na kipimo cha ukurasa kwenye waraka wenyewe. Angalia pia vibano vya pembeni ndani ya trei. Viguse karatasi bila kuibana.

Kipande kilichochanika kinajulikana na kila mtu, sitakaa sana. Karatasi ikikwama kweli, ivute kwa mikono miwili kuelekea upande inakokwenda, polepole. Ikichanika, panga vipande mezani kama kioo kilichovunjika. Kona ikipungua, iko ndani, na ndiyo itakayokusumbua kesho.

Katriji iliyojazwa upya, itoe uirudishe mpaka ilie inapokaa. Mlango wa nyuma uufunge kwa kuusukuma pande zote mbili, maana unaweza kuonekana umefungwa huku upande mmoja uko wazi kidogo. Kama printa inalalamika pale tu unapochapa pande mbili, anza na mlango huo.

Kuhusu umeme: usiichomeke printa ya leza kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta. Fyuza inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inazidiwa, printa inazimika karatasi ikiwa katikati. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi usikimbilie kutuma tena. Fungua, toa karatasi iliyobaki ndani, futa kazi zilizo kwenye foleni ya kuchapa kwenye kompyuta, chomoa waya ukutani kwa dakika moja, ndipo uwashe.

Siku tatu kabla, fanya jaribio halisi. Chapa kwanza ukurasa wa taarifa kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe, bila kompyuta. Kisha kurasa 20 kutoka kila trei, upande mmoja, halafu pande mbili. Trei moja ikigoma na nyingine ikafanya kazi, umeshajua rola ipi ina shida. Skrini ikionyesha namba, ipige picha kabla hujabonyeza chochote. Kwenye HP LaserJet nyingi za ofisini namba inayoanza na 13 ni ya karatasi kukwama, na tarakimu zinazofuata zinaonyesha eneo. Picha hiyo pamoja na modeli ya printa vikimfikia fundi mapema, anaweza kuagiza rola na pedi Kariakoo zikaja na basi. Ukimpigia saa moja asubuhi siku ya kikao, atakuja na bisibisi tu.

Na makabrasha yachapwe jana yake mchana, watu wakiwa bado ofisini. Bakiza asubuhi kurasa mbili tatu za ajenda ambazo bosi hubadilisha kila mara, uziweke pia kwenye flashi, endapo itabidi ukimbie nazo kwenye steshenari.