Unataka kuhudumia wakimbizi walioteswa hapa Dar? Fomu ije baadae

Wengi wakianzisha huduma hii wanakimbilia fomu, ulifanywa nini, na nani, lini, wapi, alafu wanashangaa mtu harudi tena. Jamani huyu ameshahojiwa vya kutosha, na mahojiano yenyewe ndo yalikuwa mateso. Siku ya kwanza muulize amelala wapi, amekula, na leo anahitaji nini. Stori ataitoa mwenyewe akitaka, asipotaka bado anahudumiwa.

Ofisi isiwe jirani na kituo cha polisi, mlinzi wa getini asivae magwanda wala kushika rungu. Kiti cha mkimbizi kiwe karibu na mlango, usifunge kwa ufunguo, muulize mlango uwe wazi au urudishwe, mwambie kabisa anaweza kutoka muda wowote. Vinaonekana vidogo ila huyu mtu alinyang'anywa kila uamuzi juu ya mwili wake, kwaiyo unaanza kumrudishia hapo hapo.

Mkalimani sasa, hapa ndo panaharibika sana. Usidhani kwa kuwa Mkongo anaongea Kiswahili basi mmeelewana, cha Uvira sio cha Kariakoo, na Mrundi ya moyoni atayasema kwa Kirundi. Usimtumie mwanae wala jirani yake, na hata mkalimani wa kulipwa muulize kwanza kama anamkubali, maana vita waliyoikimbia imegawa watu na huyo mkalimani anaweza kuwa wa upande ule. Achague pia mwanamke au mwanaume, na wanaume nao wanabakwa mahabusu, wengi hawasemi tu.

Wengi watakuja wanalalamika mwili, kichwa, mgongo, usingizi hauji, nyayo zinauma akitembea. Kupigwa nyayo kunaweza kuacha maumivu ya miaka, usimwambie ni mawazo. Ukimpeleka hospitali ongea na daktari kabla, waya za kupima moyo au kiti cha meno vinaweza kumrudisha kule kule, kwaiyo kila kifaa aelezwe kabla hakijamgusa na akisema basi iwe basi. Akihitaji ushahidi wa kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, tafuta daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa UN wa 1999 uliofanyiwa marekebisho 2022. Apimwe mapema maana alama zinafutika, ila kukosa kovu hakumaanishi hakuteswa.

Alafu sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka wakae maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kutoka mpaka kibali, ndo maana wengine hapa mjini wanaishi kwa kujificha. Tafuta mwanasheria toka mwanzo, usiahidi vibali ambavyo huna. Kwenye faili weka namba, jina litunzwe kwingine chini ya kufuli, na meseji ya kumkumbusha isitaje mateso kabisa, simu nyumbani wanashea.

Wahudumu wako wasipangiwe watu mfululizo kutwa nzima, kila wiki wakae na msimamizi waongee yaliyowaelemea. Na nauli ya daladala mpe mtu mkononi kabla hajaondoka, asije akaikosa miadi kwa kukosa nauli.